Gari Likipunguza Mwendo Kando Yako

Ni saa tatu usiku hivi. Umeshuka matatu steji ya mwisho, na taa za barabara ya kwenu zilizimika kitambo, hakuna aliyekuja kuzitengeneza. Nyuma yako unasikia gari. Kupita halipiti, linapunguza mwendo. Vioo vyeusi. Kabla hujawaza lolote mwili umeshaamua: simu imeingia mfukoni, mkoba umehamia kifuani, miguu imevuka barabara bila kukuomba ruhusa. Labda ni dereva wa teksi anayetafuta jina la ploti. Labda ni jirani anataka kukupa lifti. Gari linapita, taa zake nyekundu zinapotelea kwenye kona, nawe unabaki ukijicheka huku moyo bado unadunda.

Watu hupenda kusema hofu hiyo ni maumbile tu, kama swara anaponusa simba. Sawa, moyo kwenda mbio ni maumbile. Lakini kwa nini gari? Kwa nini vioo vyeusi? Swara hajui Subaru. Kuna mtu aliyetufundisha hasa cha kuogopa, naye alifundishwa na mwingine, na ukiufuata mlolongo huo kurudi nyuma unafika kwa jina ambalo wengi wetu tulilisikia tukiwa wadogo, hasa kama ulikulia Pwani: mumiani. Magharibi mwa nchi wakamwita kachinja. Nairobi ya zamani walimwita mzimamoto. Usipokee peremende kwa mtu usiyemjua. Usipande gari la mtu anayejua jina lako na wewe hulijui lake. Giza likiingia, rudi nyumbani.

Ukimsikiliza vizuri mumiani huyu, utagundua hafanani kabisa na wale wanyonya damu wa filamu. Hana meno marefu. Hageuki popo. Haogopi msalaba wala kitunguu saumu. Ana gari, ana kamba, ana sindano au mpira wa kunyonyea damu, na mahali fulani mjini ana shimo au chumba cha chini anakowaweka watu. Na muhimu zaidi: damu haimfai yeye mwenyewe. Anaipeleka kwa mkubwa wake. Mwisho wa mwezi analipwa. Yaani mumiani si mzuka wala jini, mumiani ni mwajiriwa.

Hapo ndipo wanahistoria waliposhtuka. Lakini kabla ya kufika kwao, neno lenyewe lina safari yake.

Mumiani lilitoka Uajemi, likapitia Bahari ya Hindi na wafanyabiashara. Asili yake ni mumiyai, kitu cheusi kama lami au utomvu kilichotoka kwenye miamba na kutumiwa kama dawa ya mifupa iliyovunjika na maumivu ya mwili. Neno hilohilo ndilo lililowapa Wazungu jina la maiti zilizokaushwa za Misri, kwa sababu ya ile rangi nyeusi ya lami. Kisha wakafanya jambo ambalo shuleni hatukuambiwa: wakaanza kuzila. Kwa karne kadhaa, mpaka karne ya 18, maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti wa Misri kama tiba ya michubuko, kifafa na kutokwa damu. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alikunywa dawa iliyotengenezwa kwa fuvu la binadamu. Kwa hivyo babu zetu waliponong'ona kwamba kuna Mzungu anayegeuza mwili wa mtu kuwa dawa, hawakuwa wamekosea sana. Walikosea karne tu.

Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson, ikachapishwa mwaka 1939, inalieleza neno hili kwa utulivu kabisa. Ni kitu cheusi kama gundi, dawa inayosemekana kutoka Uajemi, hupakwa au huyeyushwa kwenye samli na kunywewa. Halafu kamusi inaongeza kwamba wenyeji wengi wanaamini kwa dhati kuwa ni damu ya watu iliyogandishwa, watu waliouawa kwa kusudi hilo, na kwamba uvumi ukianza kuwa mumiani inatafutwa, mji mzima huingiwa na hofu na ni nadra watu kutoka nje baada ya jua kutua. Hebu fikiria kamusi, kitabu cha maana za maneno, inalazimika kurekodi amri ya kutotoka nje ambayo watu walijiwekea wenyewe.

Sasa rudi Nairobi ya miaka ya 1920 na 1930. Mji ni mchanga. Pumwani imeanzishwa kama mtaa wa Waafrika, mbali kidogo na macho ya wakubwa, karibu ya kutosha ili wafike kazini asubuhi. Mwaume Mwafrika anatembea na kipande, karatasi ya utambulisho ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Usiku anahitaji kibali cha kuwa barabarani. Na mtaani kuna habari kwamba wazimamoto wanakamata watu.

Kwa nini wazimamoto, jamani? Siku hizi unapita kituo cha zimamoto pale Tom Mboya ukikimbilia matatu na hata hugeuzi shingo. Lakini jaribu kuwatazama kwa macho ya mtu aliyetoka kijijini wiki jana. Magari mekundu. Mipira mirefu. Wanaume wenye sare wanaolipwa kukaa tu, mchana na usiku, hata kama hakuna nyumba inayoungua. Wanasubiri nini? Na hata hivyo jina halikuishia kwa wazima moto wenyewe. Mzimamoto aliweza kuwa polisi, mtu wa afya, mlinzi wa wanyama, yeyote mwenye sare, gari na kazi isiyoeleweka. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, waliitwa banyama. Katanga, batumbula. Majina tofauti, watu ambao hawajawahi kukutana, na hadithi karibu ni ileile: mgeni, gari, usiku, damu.

Serikali ya kikoloni iliita hayo yote ushirikina. Maafisa waliandika kwenye faili zao kwamba Waafrika ni wepesi wa kuamini, wakafunga faili. Wasomi wengi waliofuata nao hawakujishughulisha nayo. Ilionekana aibu kuyaweka kwenye vitabu vya historia wakati kulikuwa na vyama vya siasa vya kuandikwa. Mpaka Luise White, mwanahistoria kutoka Marekani, alipoamua kuyachukulia kwa uzito. Miaka ya 1970 alikuwa Pumwani akiwahoji wanawake wazee kuhusu biashara ya ngono ya enzi ya ukoloni, na hadithi za wazimamoto zikawa zinaingia bila kuitwa. Baadaye alienda Siaya, akaenda Uganda. Kitabu chake juu ya hadithi hizi kilitoka mwaka 2000. Swali lake halikuwa kama wanyonya damu walikuwepo. Alitaka kujua kwa nini watu wenye akili timamu walisimulia jambo hili kwa undani namna ile: rangi ya gari, ukosefu wa madirisha, nani alipewa kazi ya kushika na nani ya kuchimba, nani alilipwa.

Mimi naona jibu lake kubwa liko kwenye malipo hayo. Hadithi za mumiani ni hadithi za kazi. Zilisimuliwa na watu walioona miili ikichukuliwa na kutorudishwa, kwa utaratibu, kwa orodha, kwa sahihi ya bwana fulani.

Chukua Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walipopigana na Wajerumani Afrika Mashariki, mizigo ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Mwaka 1917 Kenya ilipigwa msako mkubwa wa wapagazi. Machifu waliambiwa walete wanaume, nao wakaletwa. Kwa hesabu rasmi wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 40,000, na kuna wanahistoria wanaoamini idadi halisi ilikuwa maradufu. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa, unga ambao haukuiva vizuri. Mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao, eti wenyewe hawakujulikana walipo. Kilichobaki kwetu ni jina: Kariokor, matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao. Ukila nyama choma pale Kariokor soko, unakula kwenye jina la watu waliochukuliwa.

Fikiria basi mtoto aliyeona babake akiondoka mwaka 1917 na mtu mwenye sare. Ni mwaka 1925 sasa, amekua, yuko Nairobi, gari linasimama kando yake usiku. Unataka awaze nini? Kwamba ni jirani?

Ongeza na hospitali. Watu wa afya walikuja vijijini na sindano, wakatoboa vidole, wakaweka damu kwenye vioo vidogo, wakaondoka nayo. Kwa daktari, hiyo ni kupima malaria ama malale. Kwa aliyetobolewa, mgeni amekuja na gari, amechukua damu yangu, hajaniambia anaipeleka wapi, na wala hajarudi na majibu. Hakuna ushirikina hapo hata kidogo. Hayo ni maelezo sahihi ya kilichotokea.

Kuna jambo jingine kwenye hadithi hizi ambalo huwa linanisumbua. Msimulizi daima ni mtu aliyeponea. Alisikia nyayo, akakimbia. Aliona kamba, akapiga kelele. Aliitwa jina lake na sauti asiyoijua, akakataa kuitika. Hadithi ya aliyekamatwa haipo, kwa sababu aliyekamatwa hakurudi kusimulia. Kwa hiyo kilichopitishwa kizazi hadi kizazi ni mafunzo ya mwili zaidi ya habari za mumiani mwenyewe: vuka barabara, usiitike, kimbia kwanza uulize baadaye. Nyanya aliyekutisha na mumiani usiku hakuwa anakudanganya. Alikuwa anakurithisha miguu yake.

Halafu ikaja 1954, na mumiani akaonekana mchana kweupe. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili, jeshi na polisi waliifunga Nairobi. Ilikuwa Operesheni Anvil, msako wa kuwang'oa Mau Mau mjini. Maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, walitolewa nyumbani na kazini, wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa Lang'ata kuchambuliwa. Na katika uchambuzi wa miaka ile kulikuwa na gakunia. Neno lenyewe ni la Kikikuyu, maana yake gunia dogo. Mtu alivishwa gunia kutoka kichwani hadi miguuni, likatobolewa matundu mawili ya macho. Watu wakapitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa hivi, unaenda nyumbani. Akitikisa vile, unaenda kizuizini, pengine kwa miaka.

Jiweke kwenye foleni ile. Mbele yako kuna macho mawili kwenye gunia. Huenda ni adui yako wa kijijini. Huenda ni rafiki yako aliyepigwa mpaka akakubali. Yeye anakujua, wewe humjui, na ujuzi huo wa upande mmoja ndio silaha yake yote. Na miguu iliyofundishwa kukimbia haina pa kwenda, maana kuna bunduki pande zote. Nimesoma kumbukumbu kadhaa za wafungwa wa wakati ule, na mara nyingi naona gakunia anakumbukwa kwa woga kuliko askari wa Kizungu aliyekuwa amesimama kando na bunduki. Askari alikuwa na uso.

Ningependa kuishia hapo, hofu ikiwa shujaa, ikiwa kumbukumbu ya wanyonge na mambo kama hayo. Haiwezekani, kwa sababu hofu hii ina damu yake pia. Silika inakumbuka vizuri kilichotokea, lakini ikifika kwenye kumchagua mwenye hatia macho yake ni mabovu sana.

Pumwani, lawama iliwaangukia wanawake. Ilisemekana malaya ndio waliowauza wanaume kwa wazimamoto: anakukaribisha ndani, unaketi kitini, kiti kinashuka shimoni. Wanawake hao ndio walikuwa miongoni mwa Waafrika wachache waliomiliki nyumba mjini, na sidhani ni bahati mbaya kwamba shimo liliwekwa chini ya nyumba zao. Huko Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1950, mtu mmoja alifungwa jela kwa kujaribu kumuuza mwingine kwenye kituo cha zimamoto. Soma tena. Yeye naye aliamini kuwa wananunua. Uvumi ulikuwa umemfanyia bei.

Na usifikiri ni mambo ya kale. Oktoba 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulisambaa wilaya hadi wilaya. Vijana waliweka vizuizi barabarani usiku wakiwatafuta wageni. Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kutoka wilaya mbili, serikali ikatangaza kafyu ya usiku. Watu kadhaa waliuawa na makundi ya raia. Blantyre, mmoja wa waliouawa alikuwa kijana mwenye kifafa, aliyechomwa moto. Kosa lake, kadiri ninavyoweza kuelewa, lilikuwa kuonekana tofauti mbele ya watu wenye hofu. Kila mmoja kwenye kundi lile angeapa kuwa alikuwa anajilinda.

Hapa kwetu tunalo neno moja linalofanya kazi hiyohiyo. Mtu akipaza sauti “mwizi!” sokoni, hakuna anayeuliza ni nani amepoteza nini. Tairi linapatikana haraka kuliko ushahidi. Aliyeona sura ngeni na aliyeona wizi wanakuwa shahidi mmoja.

Walioshughulika na hofu hii kwa busara kidogo ni watu wa utafiti wa afya, na wao walilazimika. Magharibi mwa Kenya miaka ya 1990, utafiti uliochukua damu za watoto wa shule ulileta minong'ono ya kachinja. Gari la watafiti likionekana, watu wanatahadharishana. Kilifi, ambako utafiti wa malaria umeendelea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, maneno ya mumiani na kuabudu shetani yaliwafuata watafiti miaka mingi. Mwanzoni jibu lilikuwa lilelile la mkoloni: watu hawajaelimika, waelimisheni. Baadaye wakaanza kukaa kwenye mabaraza na kusikiliza. Wakaeleza kiasi cha damu kwa vijiko vya chai, kitu ambacho kila mama anacho jikoni. Wakaeleza inapelekwa wapi. Maswali ya mama wa Kilifi mwaka 2000 ndiyo yale ambayo babu yake alistahili kujibiwa mwaka 1925: wewe ni nani, nani amekutuma, unachukua kiasi gani, kwa nini, na utarudi?

Maswali hayo hayana majibu ukiulizwa na mtu aliyefunika uso.

Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na wiki zilizofuata tukajifunza upya kutazama magari. Wanaume waliovaa barakoa, magari yasiyo na alama wala namba zinazoeleweka, kijana anatolewa dukani, kituo cha mafuta, mlangoni kwao. Hakuna kitambulisho, hakuna hati ya mahakama, polisi wanasema hawajui. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu visa 82 kati ya Juni na Desemba mwaka huo. Wengine walirudi baada ya siku au wiki, wamenyamaza kwa namna ambayo marafiki zao hawakuizoea. Wengine hawakurudi.

Nilikuwa nasoma ripoti hizo na ile kamusi ya 1939 iko wazi mezani, na kwa kweli nilishindwa kuona mpaka kati yao. Gari, wageni, usiku, anayejua jina lako. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna aliyetuita washirikina. Tulikuwa na video za CCTV.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kigeni kwangu. Miezi hiyo, kwenye mitandao na kwenye mazungumzo ya mtaani, vijana walianza kuambiana la kufanya mtu akikushika: usinyamaze. Piga kelele jina lako, majina yote matatu. Taja namba ya simu ya mtu wa kwenu. Na wewe uliye kando, usiyemjua huyu anayeburutwa, usikimbie; toa simu, rekodi, andika namba ya gari, tangaza jina ulilolisikia. Nyanya asingekubali kamwe. Yeye alitufundisha kuficha jina, kutoitika, kufunga mlango na kuzima taa. Na kwa kweli kila ninapoziona zile klipu za sekunde chache, zinazotikisika, naona miguu ya anayerekodi ikirudi nyuma hatua moja, hatua mbili, mwili umeshaamua kuondoka, huku mkono umebaki pale juu umeshika simu.